Sura ya Nne: Kijivu Si Uozo

Nguzo ya zizi ikishapigwa na jua la Bahi misimu miwili mitatu, huwezi tena kuitambua kwa macho kama ni mninga au mkongo. Wekundu wa mninga umetoweka, rangi ya kahawia ya mkongo nayo imetoweka, na zote mbili zimekuwa za rangi moja ya majivu. Ukipitisha kiganja unahisi mifereji midogo inayofuata nyuzi za mti, na kijiti kimoja au viwili vinaweza kukuchoma.

Wengi wakiiona rangi hiyo huamua kwamba mti umechoka, hasa waliohamia Dodoma kutoka pwani au mikoa yenye mvua nyingi. Wengine huupaka oili chafu, wengine hununua vanishi, na wengine hung'oa nguzo nzima wakaenda kutafuta nyingine porini. Sura hii nimeiandika kwa sababu ya nguzo hizo zinazong'olewa kabla ya wakati wake. Rangi ya kijivu haisemi lolote kuhusu nguvu ya mti. Anayetaka kujua kama nguzo yake itavuka kifuku kijacho inambidi ainame, afukue udongo kidogo, aangalie pale mti unapoingia ardhini.

Bahi ipo magharibi mwa jiji la Dodoma, kwenye Reli ya Kati na barabara ya kwenda Singida, ukingoni mwa mbuga pana ambamo Mto Bubu humwaga maji yake na kuishia humo humo. Maji hayo hayana pa kutokea. Hupanda hewani kama mvuke na kuacha chumvi juu ya udongo. Mvua huanza kuelekea Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni milimita 500 au 600 hivi. Miezi inayobaki ni ya jua, vumbi na upepo. Kwa mti uliokatwa, nchi ya namna hii ina mambo mawili yanayovutana: jua linaloshambulia ngozi ya mti karibu kila siku, na ukavu unaouzuia moyo wake kuoza. Kule Tanga au Pemba mambo hayo huchanganyika na unyevu wa mwaka mzima, usijue lipi limefanya nini. Bahi kila moja linafanya kazi kwa zamu yake, ndiyo maana nimeichagua.

Tuanze na jua. Ubao umejengwa hasa kwa nyuzi ndefu za selulosi, na katikati ya nyuzi hizo kuna lignini, kitu kigumu cha rangi ya kahawia kinachozishikamanisha. Mtu aliyekulia Ugogo, nchi ya Wagogo ya huku Dodoma, anaweza kuuwaza ukuta wa tembe, nyumba ya jadi ya huko: fito ndizo selulosi, na udongo uliosindiliwa kati yake ndio lignini. Miale ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua haiziwezi sana fito, lakini udongo huuvunjavunja. Lignini ndiyo inayoinyonya miale hiyo, na kwa kuinyonya inakatikakatika kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka majini. Mvua ya kwanza ikija inavikosha. Fito zinabaki wazi, na selulosi peke yake haina rangi ya kahawia. Ni nyeupe inayoelekea fedha. Kuvu wadogo weusi wanaoishi juu ya ubao kwa kula mabaki hayo wanaongeza madoa yao, na weupe huo unakuwa kijivu.

Ndiyo sababu mlango uliotundikwa Bahi mwezi Mei haugeuki kijivu hadi mwisho wa mwaka. Kiangazi chote jua linavunja lignini, lakini hakuna maji ya kuiondoa, kwa hiyo ubao unakaa na rangi iliyofifia ya kahawia, kama umepakwa vumbi. Mvua za Desemba na Januari zikipita, unaamka unauona mlango mwingine. Mwenye nyumba hulaumu mvua, wakati kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na miezi saba ya jua.

Jambo kubwa la kukumbuka ni kina cha uharibifu huo. Miale ya urujuanimno haipenyi ndani ya ubao hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwanga unaoonekana kwa macho hufika mbali kidogo zaidi, lakini nao huishia karibu na uso. Chini ya ngozi hiyo nyembamba mninga bado ni mninga, mwekundu na wenye harufu yake. Vipimo vya Maabara ya Mazao ya Misitu iliyoko Madison, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, vinakadiria kwamba mbao laini za jamii ya misonobari zilizoachwa nje bila kupakwa chochote hupoteza milimita 5 hadi 6 kwa miaka 100, na kwamba mbao ngumu hupoteza milimita 3 hivi. Jua la Bahi ni kali kuliko la Wisconsin, na upepo wetu umebeba mchanga. Basi tuchukulie kwamba hapa kasi ni mara mbili: milimita 6 kwa karne. Nguzo yenye unene wa sentimita 15 ingekonda kwa sentimita 1 na kidogo, pande zote mbili zikijumlishwa, na huyo aliyeisimika, mwanawe na mjukuu wake wote wangekuwa wameitumia.

Mifereji ile inayohisiwa kwa kiganja nayo ina maelezo yake. Mti hauna ugumu ule ule kila mahali. Mbao zilizokua wakati wa mvua na zile zilizokua mvua zikielekea kukatika hazilingani kwa msongamano, na mninga ni mmoja wa miti ya miombo inayoweka pete moja kila mwaka kwa sababu una majira ya kulala na majira ya kukua. Sehemu laini hulika upesi, sehemu ngumu hubaki zimeinuka. Mchanga unaopeperushwa na upepo wa kiangazi huongeza kazi hiyo, hasa futi mbili za kwanza kutoka chini, ambako punje nzito haziwezi kuruka juu zaidi.

Kuna jambo ninalopenda kuwaonyesha watu kwenye nguzo kuukuu. Bahi ipo karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, kuanzia Machi hadi Oktoba, jua lipo upande wa kaskazini, na hicho ndicho kipindi ambacho anga ya Bahi haina mawingu. Upande wa kusini hupata zamu yake Desemba na Januari, lakini hapo mawingu ya mvua huufunika mara nyingi. Kwa hiyo nguzo iliyosimama wazi huzeeka zaidi uso wake wa kaskazini. Ukiikuta imelala chini, imeng'olewa, bado unaweza kusema ilikuwa imeelekea wapi. Fundi mwenye akili akijenga ukumbi wa nje huko Bahi anaongeza upana wa paa upande wa kaskazini kabla ya kuongeza kwingine kokote.

Baada ya rangi huja nyufa, na hizi nazo hutisha kuliko zinavyostahili. Mti unapokauka karibu haufupiki kabisa, hukonda. Lakini haukondi sawasawa. Kuzunguka, kwa kufuata pete zake, husinyaa takribani mara mbili ya unavyosinyaa kutoka gandani kwenda moyoni. Nguzo ya mviringo haiwezi kulimaliza deni hilo bila kupasuka, na hupasuka kwa ufa mmoja mkubwa unaolenga moyo. Ufa huo wa wima haupunguzi sana uwezo wa nguzo kubeba mzigo kutoka juu. Hatari yake ni kwamba unakuwa njia ya maji, hasa kwenye kichwa cha nguzo, ambako mirija yote ya mti imekatwa na kuachwa wazi. Kichwa kikikatwa kwa mshazari au kikifunikwa kipande cha bati, tatizo hilo limekwisha kwa gharama ndogo sana.

Waliohamia Dodoma pamoja na Serikali kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2016 wamelionja somo hili la kusinyaa ndani ya nyumba zao. Ubao huwa hauachi kunywa na kutoa unyevu hadi ulingane na hewa inayouzunguka. Kwenye hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 80, ubao hutulia ukiwa na maji ya asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 50, ambayo ni ya kawaida katika kiangazi cha Dodoma, hushuka hadi asilimia 9 hivi. Chukua ubao wa upana wa sentimita 30 wa mti unaosinyaa kwa kawaida: katika safari hiyo moja hupoteza kama milimita 6. Ikiwa umepigiliwa misumari pande zote mbili, lazima upasuke. Mninga, ambao husinyaa kidogo kuliko karibu miti yote tunayoitumia, hupoteza milimita 2 hivi. Mafundi wa zamani waliupenda kwa sababu hiyo kabla ya kuupenda kwa rangi yake.

Sasa tuiname chini.

Uozo haufanywi na umri. Unafanywa na kuvu, na kuvu wa kuozesha ni kiumbe hai mwenye mahitaji: mti wa kula, hewa, joto, na maji. Ubao wenye maji chini ya asilimia 20 hauozi, hata ukae miaka 1,000, kwa sababu kuvu hawezi kuanza kazi. Sehemu ya juu ya nguzo ya Bahi huwa chini ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Hunyeshewa, kisha hukauka kabla kuvu hajajipanga. Sehemu iliyozama chini sana ardhini ina unyevu, lakini hewa ni haba. Hatari kubwa ipo katikati, kwenye kipande kinachoanzia usawa wa ardhi hadi shubiri moja au mbili chini yake. Hapo unyevu wa kifuku hudumu wiki nyingi baada ya mvua kukatika, hewa inafika, joto ni la kutosha, na udongo wa zizi umejaa samadi inayowalisha kuvu na kuhifadhi maji. Nguzo ikivunjika, huvunjikia hapo. Juu ni kijivu na nzima, chini sana ni nzima, na kifundo chake kimegeuka unga.

Mchwa nao huingilia mahali hapo hapo. Hawapendi mwanga wala ukavu, hivyo hutoka ardhini na kupanda wakiwa ndani ya vijia vyao vya udongo. Kitu wanachokitafuta kwanza ni weupe wa mti, ile sehemu ya nje iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai, ambayo imejaa wanga na haina kinga. Moyo ni habari nyingine. Mti unapoacha kuitumia mbao ya ndani huijaza utomvu na kemikali zinazowafukuza wadudu na kuwadumaza kuvu, na hizo ndizo zinazoupa moyo rangi nzito. Katika mpingo zimejaa kiasi kwamba moyo wake ni mweusi na huzama majini. Kwa hiyo anayesema nguzo ya mpingo au mninga imeliwa na mchwa mara nyingi amekosea kidogo: kilicholiwa ni weupe, na nguzo iliyobaki ndani ni nyembamba zaidi lakini ni ile ile aliyoilipia. Mti mchanga una weupe mwingi na moyo mdogo, ndiyo maana nguzo iliyotokana na mti mchanga hukatisha tamaa hata kama jina la mti ni zuri.

Kumpima mgonjwa huyu hakuhitaji mtaalamu. Fukua shubiri moja kuzunguka nguzo, chomeka ncha ya kisu kwa mshazari, kisha binua. Mti mzima hutoa kijiti kirefu chenye nyuzi na mlio mkavu. Mti uliooza hukatika kifupi, bila kelele, na kisu huzama kirahisi. Fanya hivyo mwishoni mwa Aprili, udongo ukiwa bado na unyevu, kwa sababu mti mkavu wa Septemba huweza kujifanya mgumu.

Nchi ya Bahi ina adui mmoja zaidi ambaye sehemu nyingi hazina. Karibu na mbuga, maji ya ardhini yana chumvi. Nguzo huyanyonya kupitia mirija yake, yanapanda, na yakifika juu ya ardhi yanakauka na kuiacha chumvi ndani ya ubao. Punje za chumvi zikikua zinazisukuma nyuzi na kuzitenganisha. Uso wa mti unatoa manyoya kama katani iliyochambuliwa. Wengi hudhani ni mchwa wa aina mpya. Siyo uozo pia, na kwa ndani mti huwa bado imara; manyoya yakikwanguliwa kwa panga, nguzo inaendelea na kazi. Dawa yake ni kuuzuia mti usinyonye, yaani kuuweka juu ya jiwe.

Waliojenga reli walilijua tatizo la ardhi hii. Wajerumani walipoijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, kati ya mwaka 1905 na 1914, walitandika mataruma ya chuma. Ulaya wakati huo ilijaa mataruma ya mbao, lakini hapa mbao ingelala juu ya ardhi yenye mchwa kwa zaidi ya kilomita 1,200, kifundo kimoja kirefu kisicho na mwisho. Reli ya kisasa iliyoanza kusafirisha abiria hadi Dodoma mwaka 2024 imetumia mataruma ya zege. Nguzo za umeme za mbao nazo ni za mkaratusi au msonobari, miti isiyo na kinga kubwa moyoni, iliyosukumiwa dawa kwa shinikizo hadi ndani. Bila dawa hiyo zisingemaliza misimu mingi.

Lakini wenyeji walikuwa na jibu lao, nalo halikuwa chuma. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipokatiza Ugogo mwaka 1857 alizikuta tembe, nyumba fupi zenye paa bapa la udongo lililobebwa na safu za nguzo zenye panda. Hesabu ya nyumba hiyo inanivutia sana. Nguzo zake karibu zote zimesimama ndani, kwenye udongo uliosakafiwa usionyeshewa. Paa la udongo linazifunika dhidi ya jua, moshi wa jiko unazikausha na kuwachukiza wadudu. Panda ya mti inalibeba boriti bila msumari, kwa hiyo boriti linaweza kusinyaa na kutanuka bila kupasuka. Palipo na udhaifu ni pembeni, ambapo ncha za boriti hupita juu ya ukuta na kulowana, na hapo ndipo mwenye tembe alipokuwa akitengeneza kila mwaka kabla ya mvua. Tembe zimepungua sana tangu Operesheni Dodoma, ile ya kuwahamishia watu vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vijiji vya matofali na bati vilivyofuata, lakini kanuni yake ya kuulinda mti kwa kuuweka mahali pakavu haijapitwa na chochote kinachouzwa kwenye kopo.

Nasema hivyo kwa sababu ya vanishi. Nje, chini ya jua la Bahi, vanishi inayong'aa na kuonyesha rangi ya mti ni hasara. Ukiweza kuiona rangi ya mti kupitia kwake, jua nalo linapita. Lignini iliyo chini yake inavunjika kama kawaida, na vanishi inabaki imeshikamana na ngozi ambayo haijashikamana na kitu. Baada ya misimu michache inabanduka magamba, maji yanaingia kwenye nyufa na hayatoki. Rangi ya mafuta yenye unga mzito huzuia mwanga, hivyo hudumu zaidi, ingawa unaupoteza uso wa mti. Mafuta ya kitani huupa mlango uhai ukiyarudia kila mwaka. Oili chafu huwachukiza mchwa kwa muda, lakini inaacha sumu kwenye udongo ambao ng'ombe na watoto wanaukanyaga. Kuchoma kichwa cha chini cha nguzo motoni, desturi ya siku nyingi, husaidia kidogo tu, kwa kuwa tabaka la mkaa hupasuka na njia kufunguka.

Na zege? Wengi sasa humwagia zege kuzunguka nguzo wakidhani wameilinda. Mti ukisinyaa, upenyo unabaki kati yake na zege, maji ya mvua yanatuama humo, na kifundo kinaoza ndani ya bakuli walilolitengeneza wenyewe. Ikiwa lazima zege liwepo, uso wake uteremke kutoka kwenye mti kwenda nje, na chini ya nguzo pawe na kokoto, pasiwe na sakafu ya zege. Ningependelea zaidi kokoto tupu kwenye shimo zima, na samadi isukumwe mbali na nguzo kila kiangazi.

Haya yote yana uzito kwa sababu miti yenyewe si ya kuchezea. Mpingo huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa, mninga nao hauna haraka, na yote miwili haikatwi kihalali bila kibali. Nguzo iliyooza kifundo imepoteza futi moja au mbili. Iliyobaki imekauka juani kwa miaka mingi, imekwisha kusinyaa, haitapinda tena ukiichana, na hilo ndilo jambo ambalo seremala hulipa fedha nyingi kulipata kwenye ubao mpya.

Kwa hiyo ing'oe, ikate pale ambapo kisu kinaanza kutoa kijiti kirefu, piga nyufa kwa brashi ya waya ili mchanga utoke usije ukaua makali ya randa, tafuta misumari, kisha randa milimita 2. Mninga utauona. Ikitosha urefu, irudishe zizini juu ya kokoto, na uso uliokuwa kusini sasa uelekee kaskazini. Ikiwa fupi, inatosha fremu ya dirisha au miguu minne ya benchi la barazani, kila mguu umekalia jiwe lake.